Kusi bado yu hai: kumbukumbu ya mradi wa farasi, kikao cha 17

Jana Kusi, farasi wa mhusika wangu katika mchezo wetu wa mezani wa kuigiza kwa dadu, alimaliza pambano na pointi 19 za uhai (zikiisha, amekufa), zilezile 19 alizoingia nazo. Mazimwi wawili bondeni, mchawi mmoja juu ya kilima, raundi sita, mpira wa moto umo, na farasi wangu akatoka bila mkwaruzo. Nilirudi nyumbani saa saba usiku na usingizi ukakataa. Nimeamka, chai iko jikoni, naandika kwanza.

Mnaofuatilia mnalijua sharti la mradi huu tangu kikao cha kwanza. Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, mhusika wangu ni askari mpanda farasi, sasa yuko ngazi ya 5, na farasi lazima awe wa kununuliwa sokoni. Si yule farasi wa roho ambaye paladini, askari mtakatifu, humwita kwa uganga, akifa akamwita tena. Nimeambiwa mara nyingi, "Badili tu uwe paladini, yaishe." Sitaki. Namtaka farasi anayekula majani, aliyelipiwa dhahabu, ambaye akifa amekufa. Huyo ndiye ninayetaka kumfikisha mwisho wa hadithi.

Watatu wa kwanza hawakufika. Umande alikuwa farasi wa kawaida, vipande 75 vya dhahabu, pointi 13, namba ya kinga 10, yaani namba ambayo adui lazima aifikishe kwa dadu ya pande 20 ndipo ampate. Goblini watatu, vijitu waovu, mishale mitatu, kila mmoja wastani wa pointi 5, na kikao cha pili kikawa cha mwisho kwake. Tufani alikuwa farasi wa vita, vipande 400, pointi 19, akaunguzwa na mpira wa moto wa mchawi: madhara ya dadu nane za pande sita, wastani 28, akashindwa dadu ya kujiokoa, ile inayorushwa ili kupunguza madhara. Radi, naye wa 400, nilimpoteza mimi mwenyewe kwa kumpitisha karibu na zimwi nikitimua mbio. Ukipita karibu na adui na kuondoka, adui hupata lile pigo ambalo mezani kwetu tunaliita pigo la kisogo, na anachagua kumpiga mpandaji au mnyama. Zimwi yeyote mwenye akili humpiga mnyama. Dhahabu 875 kwa farasi watatu, na kilichosalia ni tandiko la vita la vipande 20, ambalo Kusi amelirithi.

Baada ya Radi nilishikwa na homa ya deraya. Deraya ya farasi inauzwa mara nne ya bei ya binadamu na uzito wake ni mara mbili, kwa hiyo ile ya pete, ambayo mtu huvaa kwa 75, farasi anaivaa kwa 300 na kinga yake inafika 16. Ya mabamba ni 6,000 kwa kinga 18. Nilipanga kuzijaribu zote kwa utaratibu, kuanzia ya ngozi mpaka ya mabamba, mapambano kumi kila moja, niandike nani alipona. Jedwali hilo lina mistari miwili tu. Kusi alivaa ya pete, na kabla sijapiga hatua ya pili nikakutana na jambo lililonifanya niache majaribio ya deraya kabisa.

Jambo lenyewe limekaa ndani ya kanuni miaka yote hiyo. Farasi unayemshika hatamu anaingia kwenye zamu yako na anaruhusiwa matendo matatu tu: kutimua mbio, kujichomoa (kuondoka bila kupata pigo la kisogo), au kukwepa. Kila ninayemjua huisoma sentensi hiyo kama umaskini, eti farasi hawezi kupiga teke. Mimi pia niliisoma hivyo vikao kumi na sita. Lakini hakuna tendo hata moja kati ya hayo linalomnyang'anya mwendo wake wa futi 60. Akikwepa, bado anakimbia futi 60. Anakwepa kila zamu, bila kulipa chochote, huku mimi nikipiga mara mbili kwa tendo langu.

Nilipolitangaza mezani, msimulizi wetu, anayeuendesha mchezo, aliweka penseli chini. "Dada, yaani farasi anakwepa huku anakimbia?"

"Ndiyo, kaka. Soma."

Akasoma, akarudia kusoma, akasema haya.

Kukwepa maana yake ni kwamba anayemshambulia farasi anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Kila mtu anajua hilo ni zuri. Zuri kiasi gani ndilo lililonikesha siku tatu. Nilichukua daftari la hesabu la miraba, nikachora mraba wa vyumba 20 kwa 20, jumla vyumba 400, dadu moja ikishuka pembeni na nyingine ikienda juu. Zimwi ana +6 ya kujumlisha kwenye dadu yake. Dhidi ya Kusi bila deraya, kinga 11, anahitaji 5 na kuendelea, yaani namba 16 kati ya 20. Kwa dadu moja hiyo ni asilimia 80. Kwa dadu mbili lazima zote ziangukie humo, kwa hiyo nilipaka penseli nyekundu vyumba 16 kwa 16, ni 256, asilimia 64. Afadhali kidogo. Halafu nikamvika deraya ya pete, kinga 16, zimwi anahitaji 10 na kuendelea, namba 11. Nikapaka 11 kwa 11. Vyumba 121 kati ya 400. Nyekundu yote imejikunja kwenye kona moja ya ukurasa, na ukurasa uliobaki mweupe. Asilimia 30.

Deraya peke yake ingemwacha kwenye 55. Kukwepa peke yake, 64. Vikishikana, 30. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Radi hakupona hata kwa mbinu zote nilizokuwa nazo: nilikuwa nashika kamba moja wakati zinahitajika mbili.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonisumbua zaidi. Ngazi ya 4 nilichukua kipaji cha Mounted Combatant, cha mpiganaji aliye juu ya mnyama. Wote tunakichukua. Kinakuruhusu kulivuta pigo lililomlenga farasi likulenge wewe, na nilikuwa nalivuta kila pigo, kila raundi, bila kufikiri, kama mama anayeweka mkono mbele ya mtoto. Mimi nina deraya ya pete na ngao, kinga 18. Zimwi ananipata kwa 12 na kuendelea, namba 9 kati ya 20, asilimia 45. Mezani kwetu imeamuliwa kwamba pigo likishahamia kwangu, kukwepa kwa farasi hakunihusu. Kwa hiyo nilikuwa nalitoa pigo kwenye asilimia 30 na kulipeleka kwenye 45! Farasi wangu alikuwa mgumu kupigwa kuliko mimi, na mimi nilikuwa namkinga.

Bila shaka yeye ana pointi 19 na mimi 44, kwa hiyo si suala la asilimia tu. Rungu la zimwi ni dadu mbili za pande nane na 4, wastani 13. Pigo moja Kusi anastahimili, karibu kila mara: ili limmalize kutoka 19 dadu zote mbili lazima zijumlishe 15 au zaidi, mara 3 katika 64. La bahati mbaya kubwa, lile la 20 tupu lenye madhara zaidi, linahitaji 20 mbili pamoja, mara 1 katika 400. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni na nimeiandika ndani ya jalada la daftari: akiwa na 14 au zaidi, mwache akwepe. Akishuka chini ya 14, kila kitu kije kwangu. Jana sikuvuta pigo hata moja.

Kosa jingine ambalo nataka mlikwepe mapema ni mtindo wa kupigana wa ulinzi, ule wa Protection. Nilipoanza nilidhani umetungwa kwa ajili yetu: una ngao, adui anampiga aliye karibu nawe, unatumia hatua yako ya papo (moja tu kwa raundi) kumlazimisha arushe dadu mbili achukue ndogo. Lakini dadu ndogo hairundikwi juu ya dadu ndogo. Farasi anayekwepa tayari ameshamlazimisha. Nimebeba mtindo huo ngazi nne nzima na sasa haunifaidii chochote kwake. Tena unakula hatua ya papo, ambayo ndiyo hiyohiyo unayoihitaji mnyama akiangushwa ili uruke na kutua kwa miguu badala ya kulala chini naye. Msimulizi ameniruhusu kuubadilisha na ule wa kuongeza kinga 1 nikivaa deraya. Namshukuru, kwa sababu kanuni za 2014 zenyewe haziniruhusu.

Silaha. Niliacha upanga nikachukua mkuki mrefu wa farasi, na natamani ningeuchukua kikao cha kwanza. Ukiwa juu ya farasi unaushika kwa mkono mmoja, ngao inabaki, dadu yake ni ya pande 12, na unafika futi 10. Zimwi anafika futi 5. Jana raundi ya kwanza zimwi alikuwa futi 30. Kusi akaingia 20, nikapiga mara mbili nikiwa futi 10, akarudi nyuma 40. Hatukuingia kabisa kwenye eneo lake, kwa hiyo hakuna pigo la kisogo, kwa hiyo Kusi hakuhitaji kujichomoa, kwa hiyo akabaki na tendo lake la kukwepa. Tumeishia futi 50. Zimwi akatembea futi 40 zake zote, akasimama futi 10 mbele yetu na rungu mkononi, hafiki. Nilihesabu miraba mara mbili kwa kidole. Hafiki. Akabaki na sagai za kutupa, na sagai nazo zinakutana na farasi anayekwepa. Mbinu hii inataka uwanja wazi, pangoni haipo. Na adui akikusogelea hadi futi 5 mkuki unakuwa mzito, wewe ndiye unayerusha mbili na kuchukua ndogo. Nawaombeni msiutumie bila nafasi ya kurudi nyuma.

Mpira wa moto, uliomuua Tufani, nilikuwa nauogopa kuliko yote kwa sababu siwezi kuuvuta uje kwangu peke yangu: unamwangukia kila aliye ndani ya duara. Uganga wa mchawi wa jana ulimtaka Kusi afikishe 14 kwenye dadu ya kujiokoa. Kusi ana +1, yaani asilimia 40. Lakini anayekwepa hurusha mbili na kuchukua kubwa kwenye kujiokoa kwa wepesi, ikapanda hadi 64. Na kipaji kinasema akifaulu haungui kabisa, akishindwa anaungua nusu. Nusu ya wastani ni 14, angebaki na 5, hai. Zilitoka 6 na 17. Meza nzima ilisimama. Mimi nilikuwa nimeungua kidogo, pointi 13, na sikujali.

Kuhusu dadu: wenzangu wawili wanatumia programu ya simu na mimi nimerudi kwenye dadu za plastiki kabisa. Programu inafaa ukitaka kujaribu mara elfu moja nyumbani. Mezani, kwa mbinu inayoishi kwenye dadu ya pili, nataka kuiona dadu ya pili ikizunguka juu ya manila. Simu inakuonyesha jibu tu.

Ramani yetu bado ni manila iliyochorwa miraba ya inchi moja, na hapo nimepotelea kwenye kazi nyingine wiki hii, kwa sababu farasi anakaa miraba minne, mbili kwa mbili, na kila raundi tulikuwa tunabishana yuko wapi. Nimemtengeneza Kusi kwa waya mwembamba wa shaba, gazeti lililolowekwa na gundi ya seremala, juu ya kigae cha mbao cha inchi mbili. Shingo imekunjwa kushoto kidogo. Kwenye tandiko nimezamisha sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika ya simu iliyokufa, na mpandaji ana nyingine chini yake, kwa hiyo nikiangushwa ananyofoka kwa sauti, tak, na nikipanda anashika. Rangi ya kwanza ilikuwa nyeusi mno, nikaipaka tena jivujivu. Mkia bado.

Sasa kuna tundu, na nimeliona jana usiku nikiwa kitandani. Kukwepa kunakufa mwendo wa farasi ukishuka hadi sifuri. Jumamosi tunaingia msitu wa buibui wakubwa. Utando ukimnasa Kusi mwendo ni sifuri, asilimia 30 yangu yote imekwenda. Ana nguvu 18, kuuchana utando anahitaji kufikisha 12 akiwa na +4, asilimia 65, ni rahisi kwake. Ila kuuchana ni tendo, na farasi aliyeshikwa hatamu ana matendo matatu tu, na kuchana hakumo.

Farasi asiyeshikwa hatamu yumo kwenye kanuni pia. Ana zamu yake, anafanya anachotaka. Nimemuuliza msimulizi asubuhi hii kama naweza kuziachia katikati ya pambano. Amejibu: "Unaweza. Ila ukiziachia, Kusi ni wangu mpaka utakapozishika tena."

Kwenye ukurasa wa Kusi nimeongeza mstari mmoja, hatamu, na mbele yake visanduku viwili: zimeshikwa, zimeachwa.