Mbwa Anapochomwa Dawa ya Saratani

Mbwa wetu wa ulinzi hapa Tanga alipatwa na ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Hutibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani inayochomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, aghalabu kwa wiki 4 hadi 6, na mbwa wengi hupona kabisa. Majirani waliniuliza kwa nini nimtese mnyama. Ukweli ni kwamba dozi za mbwa kwa kawaida hupangwa kwa upole kuliko za binadamu, na madhara mengi huzuilika, hasa kabla sindano haijachomwa.

Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama hadi kidonda, kwa hiyo daktari wa mifugo huweka kwanza kanula, yaani mrija mwembamba unaokaa ndani ya mshipa, na mbwa hushikwa na mtu anayemzoea ili atulie. Kabla ya kila dozi hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa chache, sindano huahirishwa, nami naona ni heri kuchelewa kuliko kumchoma mnyama asiye na kinga.

Chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 4 na ya 7 baada ya sindano. Siku hizo mpime joto alfajiri, kwani jua letu la mchana na mbio za uani hupandisha kipimo bila ugonjwa. Joto la kawaida ni kama 38 hadi 39.2; likizidi 39.5, au mbwa akilegea na kukataa chakula, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa kichefuchefu kuna maropitanti, ambayo daktari anaweza kuitoa mapema badala ya kungoja matapishi. Nyumbani mpe wali laini na kuku wa kuchemsha, kidogo kidogo, bila vitunguu wala mifupa, na maji yasikauke, maana vinkristini huweza pia kufunga choo. Diklofenaki na parasetamoli za kabatini kwako usimpe kamwe, zinaweza kumuua.

Mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo na hasa kinyesi, hivyo kwa siku 3 baada ya sindano usafi wa banda ufanywe kwa glavu, na mjamzito asiufanye. Geti nalo lifungwe hadi matibabu yaishe, kwa sababu mbwa huyo bado anaweza kuwaambukiza wenzake wa mtaani.