Siku moja gereji, Tabata, Dar es Salaam: wenye Toyota IST na magari yao

Saa 12:30 asubuhi

Chai bado iko mezani, WhatsApp imeingia sauti. Kijana anayeendesha teksi mtandao amerekodi injini ya IST yake ikiwashwa: inakwaruza sekunde chache, halafu inatulia. "Fundi, hii nini tena?" Namjibu azime, asiwashe mpaka apime oili.

IST za umbo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007, zilikuja na injini mbili, 2NZ-FE ya cc 1298 na 1NZ-FE ya cc 1497. Zote zina cheni ya tamingi, ile inayofanya vipande vya ndani ya injini vizunguke kwa mpangilio, hazina mkanda. Madalali hulisema hilo kama sifa, na kweli ni sifa, ila wanaacha nusu ya habari. Kinachoikaza cheni ile kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua, au ikikaa hadi iwe nzito kama lami, cheni inalegea, na utaisikia alfajiri kabla presha haijapanda.

Saa 2

Kijana amefika, stiki ya oili imetoka karibu kavu. Gari ni la mkataba. Anapeleka hesabu kwa tajiri kila wiki, na siku mkataba ukiisha gari linakuwa lake. Nauliza nani anamwaga oili. Yeye anasema tajiri. Nikampigia tajiri simu, "Shikamoo mzee," naye akasema anayemwaga ni dereva. Hapa ndipo IST nyingi za mjini zinapoumia, katikati ya watu wawili ambao wote ni waungwana na kila mmoja anamtegemea mwenzake. Tena wanahesabu sevisi kwa miezi, wakati gari la abiria linakimbia kwa mwezi mmoja kilomita ambazo gari la nyumbani linazitembea kwa nusu mwaka.

Namweleza mzee taratibu: injini hii inataka lita 3.7 ukibadilisha na filta, si lita tatu za kukadiria, na hesabu iwe ya kilomita. Anasikiliza. Kisha anatoa ile kauli ninayoisikia kila siku: "Sasa fundi, si IST tu hiyo, weka oili yoyote."

Kauli hii inaniuma kweli. Gari linalolipa ada za watoto, linalompeleka mjamzito hospitali usiku wa manane, linalobeba magunia ya mkaa huku viti vya nyuma vimelazwa, linaambiwa "IST tu". Ni bei yake ndogo inayowafanya watu wafikiri halistahili. Namwambia mzee gharama ya kupasua injini, anakubali oili nzuri.

Saa 4 na nusu

Mwalimu wa shule ya msingi ameleta yake. Malalamiko: inakunywa mafuta. Zamani ilikuwa inampa kilomita kama 13 kwa lita, sasa anajaza kila akigeuka. Ameshabadilisha plagi kwingine na kusafisha nozeli, hakuna kilichobadilika.

Namuuliza swali moja: "Mwalimu, ile taa ya bluu kwenye dashibodi inazima saa ngapi?" Anafikiri, anasema huwa inawaka mpaka afike Buguruni.

Jibu liko hapo. Hizi IST hazina mshale wa joto la injini. Kuna taa ya bluu ikiwa injini bado baridi na nyekundu ikichemka. Injini isiyo na tatizo, kwa joto hili la Dar, bluu inapaswa kuzima ndani ya dakika chache. Ikiwaka safari nzima, mara nyingi thamostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Nafungua, naam, pale inapokaa pako wazi. Kuna mafundi wanaoamini kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati, gari likichemka mara moja wanaing'oa na kuitupa. Basi maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni alfajiri ya baridi na inaendelea kuongeza petroli. Mwalimu amekuwa akilipia kukosekana kwa kipande kidogo cha chuma kila wiki kwenye pampu ya mafuta.

Na kwenye rejeta kuna maji ya kawaida, mekundu kwa kutu. Gari lililetwa nchini na kulanti, dawa ya kupozea injini, mtu akaimwaga akaweka maji. Maji hayalindi aluminiamu ya injini wala pampu, na chumvi ya maji ya visima vyetu inaziba njia za rejeta mpaka siku moja gari linachemka kweli kwenye foleni. Hapo ndipo thamostati inapotuhumiwa. Nimemchorea mwalimu haya yote kwenye boksi la filta, akalichukua aende nalo.

Saa 6 mchana

Ilala, maduka ya spea Shaurimoyo. Natafuta thamostati ya kufunguka nyuzi 82. Muuzaji ananiletea ya bei rahisi kwanza. Naomba birika la maji ya moto, naitumbukiza, haifunguki. Ya pili inafunguka. Ninaichukua hiyo, na kulanti ya kutosha. Wali maharage hapohapo, narudi.

Saa 8 mchana

Kukagua gari la kununua, Segerea. Mnunuzi ni dada muuguzi anayeingia zamu za usiku, amechoka na bodaboda. Siku hizi gari lenye miaka 8 au zaidi likiagizwa linalipiwa kodi ya ziada ya uchakavu, kwa hiyo IST nyingi zinanunuliwa hapahapa, mkono kwa mkono. Dalali ananipokea kwa maneno matamu: namba za usajili za herufi D, mmoja katumia, kilomita 78,000 tu.

Mimi huanza na mlango wa dereva. Wajapani wakimwaga oili hubandika stika ndogo yenye tarehe na kilomita, na mara nyingi inakuja nayo mpaka huku, hakuna anayeibandua kwa sababu hakuna anayeisoma. Hii ipo. Mwaka umeandikwa 20, yaani mwaka wa 20 wa Heisei, kwa kalenda ya Kijapani. Jumlisha 1988, unapata 2008. Kilomita: 94,000. Kwa hiyo gari hili lilitembea 94,000 mwaka 2008 likiwa Japani, na leo likiwa Segerea lina 78,000.

Dalali amenyamaza. Simgombezi, huenda naye aliuziwa hivyo. Natoa stiki ya giaboksi, injini ikiwa ya moto inaunguruma: oili nyeusi, ina harufu ya kuungua. Umbo la kwanza lina giaboksi ya gia nne na linataka oili ya T-IV. Umbo la pili, lililoanza 2007, lina matoleo ya CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, yenye oili yake tofauti kabisa, na jina likiwa lilelile IST, watu wanachanganya. Namwambia dada aachane nalo. Machozi yanamlenga, alishakuwa na pesa mkononi. "Dada, IST nzuri zipo nyingi. Hii haikuwa yako."

Saa 10 jioni

Mzee mstaafu, na daftari lake. Kila lita ya oili, kila bushi, kila shokapu ameandika kwa kalamu ya bluu. Gari lake halina kelele hata moja. Ameleta redio: za Japani zinaanzia FM 76 na kuishia 90, na stesheni anazozipenda ziko juu ya hapo. Nafunga kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, dakika ishirini, taarabu inaingia. Wateja wengine waliokuwa wakisubiri walilipitisha daftari mkono kwa mkono.

Saa 12 jioni

Tunatoka na mwalimu kuijaribu, yeye akiendesha. Kabla hatujafika Relini bluu imezima, amepiga usukani kwa furaha. Nimemwomba ahesabu kilomita kwa lita tanki mbili zijazo aniletee.

Saa 1 tajiri wa asubuhi amepiga. Ana IST nyingine mbili za mkataba, anataka zije Jumamosi, na dereva wa kila moja aje nayo.