Maji ya Kibosho na bima yetu ya nusu

Kwetu hata haikunyesha. Ilinyesha juu, Kibosho, usiku kucha, na saa kumi alfajiri mlinzi akanipigia: "Mama, stoo imeingia maji." Wanaokaa Moshi ya chini, pande za Pasua kushuka Mabogini, wanaijua hiyo: mlima ukishashiba, masalio yanatujia sisi. Nilipofika, maboksi ya karatasi yalikuwa yamevimba kama maandazi, na mashine mbili za kudurufu zimesimama kwenye tope.

Wakati huo nilikuwa afisa ugavi wa chuo kimoja cha serikali. Juu ya kazi hiyo nilikuwa nimeteuliwa, kwa barua ya mistari minne, kuwa mratibu wa vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kukiletea chuo hasara. Niseme ukweli. Daftari la vihatarishi nililokabidhi mwaka ule niliazima kwa rafiki wa taasisi nyingine nikabadilisha jina juu. Ndani lilibaki na kihatarishi cha meli kuchelewa bandarini. Sisi, chuo, chini ya Mlima Kilimanjaro! Likapita kwenye kikao bila swali. Mafuriko hayakuwemo.

Asubuhi ile sikuwa na wasiwasi mkubwa, maana bima tulikuwa nayo, na nilihakikisha kwenye mkataba kwamba mafuriko yamo. Tukapiga picha kabla ya kugusa kitu, tukaandika taarifa siku hiyohiyo, mkadiriaji hasara akaja kutoka Arusha. Hasara ikafika Sh milioni 18. Malipo yaliyokuja ni Sh milioni 8.1.

Nilikwenda ofisi ya bima nikiwa nimefura. Kijana wa pale akanivutia kiti, akaniambia, "Shikamoo mama, tupige hesabu pamoja." Mkataba ulisema mali italipwa kwa bei ya kununua mpya. Lakini kiasi tulichokatia bima, Sh milioni 45, kilitoka kwenye rejesta ya mali, yaani thamani iliyobaki baada ya kutoa uchakavu. Kompyuta ya miaka minne kwenye rejesta ni karibu na bure, ila dukani haiuzwi bure. Vitu vyote vile kuvinunua upya kulihitaji Sh milioni 90. Tulikatia nusu, kwa hiyo hasara yoyote, hata ndogo, tunalipwa nusu: milioni 9. Kisha ikakatwa asilimia 10 ambayo mkataba unamwachia mkatiwa bima abebe mwenyewe. Masharti hayo yalikuwa ukurasa wa sita, na saini ya chuo ukurasa wa tisa.

Kwa hiyo mwaka uliofuata sikuanza na bima, nilianza na kutembea. Nilimchukua mlinzi, fundi umeme na mpishi mkuu, tukazunguka eneo lote kwa siku mbili. Wakuu wa idara sikuwaita. Wao huingia kwa geti kubwa na kutoka kwa geti kubwa. Mlinzi ndiye aliyenipeleka nyuma ya ukuta kunionesha mfongo wa zamani, yaani mfereji wa maji, umejaa chupa na mifuko. "Maji yana njia yake, mama, sisi tumeiziba." Fundi akafungua boksi la umeme la bweni, sote tukarudi nyuma hatua moja. Mpishi alikuwa na orodha yake kichwani miaka yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kusafisha mfongo kulitaka vibarua wanne kwa siku tatu. Vitu vya stoo tukavipandisha juu ya chaga za mbao. Hizo pesa zilitoka kwenye matumizi madogo, wala hazikufika ngazi ya kugombaniwa.

Ugomvi ulikuja kwenye ada ya bima. Nilipotaka mali ikatiwe bima kwa bei ya kununua mpya, mhasibu alisema naongeza gharama wakati bajeti imebanwa. Nikamwekea karatasi mbili mezani: ada inaongezeka kwa chini ya laki mbili; mafuriko yale yalituachia tulipe Sh milioni 9.9. Akasaini, ingawa alinuna wiki nzima.

Kilichonitoa jasho zaidi nilikikuta nikipekua majalada ya nyuma. Bima yetu ilikuwa inaisha 30 Juni, sawasawa na mwaka wa fedha. Mtu ukiangalia unaona ni utaratibu mzuri. Lakini Julai fedha mpya hazijafunguliwa, mchakato kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali, haujakamilika, na bila ada kulipwa kinga haianzi. Miaka miwili mfululizo tulikaa hadi katikati ya Agosti bila bima yoyote, na hakuna aliyejua. Moto ungewaka Julai, tungebaki na 114 ya Zimamoto na sala. Tuliomba kinga ya miezi mitatu ya kuziba pengo, ikalipwa kwa fedha za mwaka unaoisha, kisha mkataba wa mwaka mzima ukaanza 1 Oktoba.

Jambo moja zaidi. Yule mlinzi aliteguka mguu usiku wa maji, na mtu wa utumishi alikuwa anatafuta kifungu kwenye bima ya mali. Kuumia kazini ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sisi tunauchangia kila mwezi. Tulipeleka taarifa huko, akatibiwa.

Aprili iliyofuata akanipigia tena, saa tisa usiku. Nilishakaa kitandani kabla hajamaliza salamu. "Mama, mfongo umejaa, ila unapita."

Paa la bweni la wasichana bado limo kwenye daftari kwa wino mwekundu, mwaka wa pili sasa. Fungu lake halijatoka.