Shelisheli na Komoro kwenye jedwali moja: mwezi wa pili

Nilidhani ni kazi ya jioni tatu. Napakua pato la taifa (thamani ya vinavyozalishwa ndani ya nchi) la Shelisheli, napakua la Komoro, nagawanya kwa idadi ya watu (102,612 kwa sensa ya 2022 huku, 758,316 kwa sensa ya 2017 kule), nachora grafu, nalala. Mwezi wa pili huu, na grafu yenyewe bado.

Kosa la kwanza ni langu mwenyewe: nilibadili kila kitu kuwa dola. Mstari wa Shelisheli ukaporomoka baada ya 2008, nikashinda jioni nzima nikisaka watalii waliopotea. Kumbe Novemba mwaka huo rupia iliachiwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, na dola iliyouzwa kama rupia 8 ikapanda hadi 16 hivi. Kwa rupia, miaka ileile mstari unapaa, ila hapo ni mfumuko wa bei unaoongea. Faranga ya Komoro nayo imefungwa kwenye euro, 491.96775 kwa moja, tangu 1999. Kwa hiyo Komoro kwa dola inapanda na kushuka na euro, hata kama shambani hakuna kilichobadilika.

Dola nimezifuta. Nikahamia bei za mwaka wa kizio (miaka yote inahesabiwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa), nikakutana na miaka miwili tofauti: 2007 kwa Komoro, 2014 kwa Shelisheli. Si suala la kukokotoa upya tu. Mwaka wa kizio ndio unaoamua kila zao lina uzito gani, na vanila ya 2007 ilikuwa ya bei ya chini ukilinganisha na ilivyopaa miaka kumi baadaye. Nimefanya 2014 iwe 100 pande zote mbili, nasoma kasi ya ukuaji basi. Nani tajiri zaidi, mstari huo hausemi.

Kilichonikwamisha kweli ni mipaka. Jodari anayevuliwa na meli ya Kihispania na kushushwa Port Victoria si zao la Shelisheli. Kiwanda cha kusindika kikimnunua, anaandikwa bidhaa iliyoagizwa kutoka nje. Makopo yanatoka kama mauzo ya nje, na kinachobaki kwenye pato la taifa ni thamani iliyoongezwa kiwandani. Nilikuwa nimehesabu samaki mzima. (Nimefuta safu nzima, na kuifuta kumeniuma.)

Komoro kuna kisiwa cha Mayotte: serikali ya Komoro, kule Moroni, inakidai, lakini takwimu za kisiwa hicho ziko Ufaransa, na jedwali langu linafuata takwimu. Halafu kuna fedha zinazotumwa na jamaa walioko Marseille, Ufaransa, ambazo ni nyingi kuliko vanila, karafuu na langilangi (maua ya manukato) zote zinazouzwa nje. Hazimo kwenye pato la taifa. Chukua nyumba inayojengwa kisiwani Ngazidja kwa fedha hizo: ujira wa fundi umo, saruji iliyoletwa kwa meli inaondolewa kwenye hesabu, na aliyetuma hela haonekani popote mpaka ushuke hadi mstari wa kipato cha taifa kinachotumika, ambako fedha zinazotumwa kutoka nje nazo zinahesabiwa. Huko ndiko nilikohamia wiki hii.

Shelisheli inatoa takwimu za kila robo mwaka. Za Komoro nafanyia kazi za mwaka mzima, kwa hiyo robo nimezijumlisha nne nne. Safu ya kipato kinachotumika nimeipaka njano. Komoro nimefika 2016, Shelisheli naanza kesho.