2147483647 na vigawo vyake vilivyokosekana

Chukua 2, izidishe kwa yenyewe hadi mbili zifike 31, kisha toa 1. Utapata 2147483647, namba ninayoipenda kuliko zote. Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Leo simu inakupa jibu hilo papo hapo. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha bila mashine, akamwandikia mwenzake Johann III Bernoulli mwaka 1772 kutoka St. Petersburg, wakati huo macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa. Kila ninapofundisha vigawo, yaani namba zinazoigawanya nyingine bila baki, lazima niifikie kazi hii.

Tazama ukubwa wake. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 46340 na ushei, hivyo kama ingekuwa na kigawo tasa, angalau kimoja kingekuwa chini ya hapo. Namba tasa za chini ya hapo zinapita 4,700! Lakini mwanahisabati Fermat, zaidi ya karne moja kabla, alikwishaona kwamba kigawo tasa cha namba ya namna hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike, hapa, kwa 62, yaani 2 mara 31. Kuna na sharti la pili: ukikigawanya kwa 8, kinabaki 1 au 7 tu. Yaunganishe masharti hayo, na zinasalia zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 huacha baki 1 au 63.

Basi 3, 5, 7, 11 na wenzao wote wanaondoka bila kuguswa. Ya kwanza kujaribiwa ni 311. Fanya kwenye daftari: inaingia mara 6905092, inabaki 35. Kutoka hapo unaruka moja kwa moja hadi 1303, baki 226. Halafu 1489, baki 199. Ukienda hivyo hadi mwisho, hugawanyi hata mara mia. Mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaiweza, na ndiyo maana naiona nzuri kuliko uthibitisho mwingi mrefu.

Watu wa kompyuta wanaifahamu kwa sababu nyingine: biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja ikishika alama ya hasi au chanya, zinaishia hapo. Mifumo inayohesabu sekunde hivyo tangu 1970 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Utasa wake hauhusiki na hilo.

Namba hii huzaa pia namba kamilifu, 2305843008139952128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vingine vyote. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haielekei mtu atatafuta kubwa zaidi, kwa kuwa hazina faida. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha utasa wa namba ya aina ileile yenye tarakimu 39, na mbinu yake haikuhitaji kujaribu kigawo hata kimoja.