Siku moja na wanafunzi waliobaki nyumbani

Saa 12 asubuhi. Nimekaa na daftari langu la maombi. Lina majina ya vijana waliokulia kanisani kwetu, ambao sasa wanasoma chuo hapahapa wakitokea kwa wazazi wao. Namtaja kila mmoja mbele za Mungu. Mmoja ana mtihani leo, mwingine anatoka zamu ya usiku kazini na ataingia darasani bila kulala.

Saa 3. Kikao cha watumishi. Walimu wa shule ya Jumapili wamepungua, na mzee mmoja anapendekeza kazi hiyo wapewe vijana wa chuo, "si wapo tu?" Hilo *wapo tu* limenichoma. Wanafunzi wageni tunawakaribisha rasmi kila mwaka wa masomo unapoanza, tena tunawatafutia familia za kuwalea. Wa kwetu tunawakumbuka kukiwa na viti vya kupanga. Nimeomba jambo moja: kabla kijana hajapewa kazi, mtu akae naye amuulize imani yake inaendeleaje. Mchungaji amekubali.

Saa 6 na nusu mchana. Mapumziko kati ya vipindi, na huu ndio wakati wetu wa kukutana na vijana hawa. Zamani tulikutana usiku, kama unavyofanya ushirika wa wanaokaa bwenini, tukashangaa mbona hawaji. Kumbe saa hizo wako njiani kurudi, au wanawasimamia wadogo zao kazi za shule. Siku hizi tunawafuata chuoni kwa dakika 45.

Leo tumesoma Marko 5, habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo. Alimsihi Yesu afuatane naye. Yesu hakumruhusu, akamtuma nyumbani kwa watu wa kwao. Kijana wa mwaka wa pili akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata anayebaki ametumwa?" Rafiki zake wa sekondari wote wameondoka. Yeye alibaki kwa sababu ada na bweni kwa pamoja vilizidi uwezo wa nyumbani, na tangu hapo amejiona kama mtu aliyeachwa na gari kituoni.

Sikuharakisha kumjibu. Tukaendelea hadi sura ya 6, ambapo Yesu mwenyewe amerudi kwao na watu wanauliza: huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu? Binti mmoja akasema hilo ndilo linalomchosha. Kanisani bado anaitwa mtoto wa mama fulani, na akiuliza swali gumu kuhusu imani, mama yake anapata habari kabla yeye hajapata jibu. Hapo kila mtu akawa na la kusema. Nilikuwa nimeandaa somo, nimelifunga nikasikiliza. Nimewaahidi kwamba wanayoniambia hayatafika kwa wazazi wao kupitia kwangu, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Saa 9. Simu na kupanga ratiba ya wiki ya mitihani.

Saa 11 jioni. Nyumbani kwa kijana mmoja. Yeye bado yuko darasani, wazazi wake ndio walioniita.

"Mwalimu, huyu mtoto ameacha kwaya. Amepoa kiroho?"

"Mama, hilo mwulizeni mwenyewe. Ila mwulizeni kama mtu mzima, na mpeni muda wa kujibu."

Baba yake alikaa kimya muda mrefu. "Kweli," akasema, "tumewauliza watu wote isipokuwa yeye." Tumeomba pamoja. Naamini nusu ya huduma hii iko sebuleni kwa wazazi, kwani kijana anarudi kulala humo kila siku.

Saa 3 usiku. Ujumbe umeingia kutoka kwa yule wa mwaka wa pili. Darasani kwao kuna mwenzake ambaye naye anaishi kwao, na ni siku nyingi hajaingia kanisani. Je, anaweza kuja naye wiki ijayo?

Nimefungua daftari nikaongeza mstari. Jina lake bado silijui, kwa sasa nimeandika "rafiki".