Nyuzi 53 Zilizogoma Kuwa 80

Ilikuwa Juni 2007, asubuhi, katika maabara ya kidato cha tatu huko Njombe. Ukungu ulikuwa haujainuka na kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 14. Zoezi lilikuwa la kawaida: yeyusha naftalini, kemikali nyeupe yenye harufu kali, iache ipoe, andika jotoridi kila baada ya sekunde 30, chora grafu. Mstari hushuka, hulala kwenye nyuzi 80 wakati kimiminika kinaganda, kisha hushuka tena. Kile kipande kilicholala ndicho tulichokuwa tunakitafuta, kwa sababu hapo molekuli zinashikana, na zinaposhikana hutoa joto linalofidia lile linalopotea hewani.

Stoo ilikuwa imeishiwa naftalini. Vikanunuliwa dukani vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kabatini na chooni. Pakiti haikuwa na jina la kemikali. Havikuleta shaka yoyote, maana harufu ilikuwa kali ileile.

Kila kundi lilisaga vidonge kwenye karatasi iliyokunjwa na kupima gramu 10 ndani ya neli ya kuchemshia. Neli haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, kwani mvuke wa naftalini hushika moto. Inasimamishwa ndani ya bika lenye mililita 200 za maji ya moto, na madirisha yanabaki wazi hata kama kuna baridi. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asikae karibu kabisa, kwa kuwa naftalini huweza kuzipasua.

Dalili ya kwanza ilitupita. Vidonge viliyeyuka mapema mno, maji yakiwa bado hayajafikia nyuzi 60. Tulikuwa tunaangalia saa.

Neli zikatolewa, zikafutwa maji, kila moja ikatumbukizwa ndani ya chupa tupu yenye mdomo mpana ili hewa iliyomo ipunguze kasi ya kupoa. Kwenye chumba cha nyuzi 14, bila kinga hiyo ule mlalo huwa mfupi kiasi cha kutoonekana. Mstari ukapita 80 bila kusita. Ukapita 70, ukapita 60. Kwenye kundi la dirishani ulishuka hadi 50, halafu ukapanda wenyewe hadi 53 na kutulia hapo dakika kadhaa. Kule kushuka kupita kiasi hutokea pale molekuli zinapokosa punje ya kuanzia kujipanga. Punje ya kwanza ikishatokea, nyingine huifuata haraka na joto hutoka kwa mkupuo. Kukoroga taratibu huzuia jambo hilo. Kundi hilo lilikuwa limeacha kukoroga.

Makundi mawili yakaanza kupika matokeo. Walijua jibu la kitabuni ni 80, wakafuta na kuandika 80. Binti mmoja wa kundi la dirishani akakataa. "Mwalimu, mimi nimeona 53. Nikiandika 80 nitakuwa nimeandika nini?"

Swali lake ndilo lililookoa siku ile. Tukaamua kukikagua kipimajoto kwanza. Kilikuwa kimegandia ndani ya neli, na hapo ndipo vipimajoto vingi huvunjika, maana mtu hukivuta kwa nguvu. Dawa yake ni kuirudisha neli kwenye maji ya moto mpaka kila kitu kiyeyuke. Tulipokitumbukiza kwenye maji yanayochemka kikasoma 93 na nusu. Darasa zima likapiga kelele: kibovu! Tukakiweka kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka, kikasoma sifuri kamili.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Njombe iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na msukumo wa hewa, na huku juu hewa inasukuma kidogo, hivyo molekuli huhitaji joto pungufu ili zichomoke. Kuyeyuka kwa barafu karibu hakuguswi na tofauti hiyo. Ukiwa mlimani, kagua kipimajoto kwa barafu.

Basi mashaka yakahamia kwenye vidonge. Tulikoroga chumvi ya mezani katika mililita 200 za maji mpaka ikagoma kuyeyuka, kama gramu 72 hivi, tukadondosha kidonge. Naftalini huelea katika maji hayo mazito, hiki kikazama. Karafuu maiti halisi, yaani kafuri, ingeelea hata kwenye maji matupu, tena ingehitaji nyuzi 170 na kitu kuyeyuka. Tukachoma waya wa shaba mpaka moto ukabaki bila rangi, tukaugusisha kwenye unga wa kidonge na kuurudisha motoni. Mwali ukawa wa kijani. Hiyo ni dalili ya klorini. Huo ulikuwa paradaiklorobenzini, na kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi 53.

Ubao mzima ukaenda kwa swali lililofuata: molekuli ya kitu hiki ina uzito wa 147 na ya naftalini 128, kwa nini nzito iyeyuke mapema? Zote mbili hushikana kwa nguvu za van der Waals: wingu la elektroni likiyumba upande mmoja, upande huo huwa hasi kidogo na kuivuta jirani. Lakini kuyeyuka hakuamuliwi na ukubwa wa mvuto peke yake. Namna molekuli zinavyopangika huhesabika sana. Ushahidi upo kwa ndugu zake wawili, orto na meta, wenye atomi zilezile na uzito uleule, ila klorini zimekaa kwingine. Wote watatu huchemka karibu pamoja: orto 180, meta 173 na para, yaani kitu chetu, 174. Kwenye kuyeyuka wanaachana kabisa: orto nyuzi 17 chini ya sifuri, meta 25 chini ya sifuri, para 53 juu. Umbo la para lililolingana pande zote hupangika kama matofali mazuri, na ukuta wa namna hiyo haubomoki upesi. Naftalini, bapa lenye pete mbili za kaboni, hupangika imara zaidi.

Waliofuta wakarudisha namba zao za awali. Vidonge vilivyobaki tukavitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu hugeuka mvuke bila kuyeyuka na kuisha taratibu, tukabandika karatasi: "53. Si naftalini." Mwandiko ulikuwa wa yule binti.